Supu ya Mchaichai

Tangu Mzee Shomvi apasuliwe tumbo, kila sahani aliyopelekewa ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Pilau aliisukuma. Mchuzi wa nazi alisema unamchefua. Siku ya sita, mkewe, Bi Hadia, ambaye mapishi yake yalisifiwa mtaa mzima, alimkabidhi jiko Riziki, mke wa mwanawe, aliyewahi kupika kwenye mkahawa wa Wachina.

Riziki alichemsha mchaichai na tangawizi, akatia tambi za mchele, kabichi iliyokatwa nyembamba na matone machache ya sosi ya soya.

"Hata mafuta hutii?" Bi Hadia aliuliza.

"Sitii, mama. Tumbo la baba bado bichi."

Wote waliketi kula chakula hichohicho, mzee asijione mgonjwa peke yake. Alikinusa. Akanywa kijiko kimoja. Bi Hadia alishika ukingo wa meza. Mzee akanywa cha pili, kisha akalivuta bakuli karibu na kifua.

"Kumbe chakula kipo," alisema, "na mnanionyesha pilau tu."

Riziki alicheka. Bi Hadia aliutafuta wivu moyoni mwake asiuone. Alichokuta ni njaa. Akakumbuka kwamba siku zote hizo naye hakuwa amekula cha maana.

"Nami nijazie, mwanangu," alisema.

Walikula hadi sufuria ikabaki tupu. Uzi mmoja wa tambi ulikuwa umenasa kwenye ndevu za mzee, unaning'inia, na hakuna aliyetaka kuutoa, wasije wakamkatiza alivyokuwa akila.