Ngazi ya Dari

Mngurumo ulitangulia, mzito, kutoka chini kabisa, kisha sufuria zikaanza kugongana jikoni. Komora alitoka mbio hadi uani, kama alivyojifunza tangu ahamie mji huu wa nyumba za mawe, mji wa matetemeko. Ardhi ilipotulia, akatazama huku na huku. Mama yake hayupo, wala mwanawe mchanga.

"Mama! Toka nje!"

"Niko darini na mtoto," sauti ikajibu kutoka ndani. "Panda upesi, maji yanakuja!"

Jirani yake, Bi Sanura, akashika kichwa. "Ardhi inacheza, yeye anapanda dari? Huyo mama yako ana wazimu!"

"Kwetu mngurumo ni mto," Komora akafoka. "Anayechelewa kupanda huchukuliwa."

Alikuwa amemleta mama yake mwezi uliopita, baada ya mafuriko kusomba nyumba yake. Akamwonyesha soko, kisima na njia ya zahanati. Hakumwambia kifo cha mji huu hutokea upande gani.

Akaingia. Ufa ulikuwa umepanda ukutani hadi kwenye boriti. Ngazi haikuwepo; mama alikuwa ameivuta juu, kama wafanyavyo kwao ili mto usiibebe.

"Mama, hapa hakuna mto. Shusha ngazi, nyumba itaanguka."

"Hata baba yako alisema hakuna mto, akabaki chini." Alikuwa analia. "Niahidi utapanda."

Mngurumo ukaanza tena. Vumbi likamwagika kutoka kwenye ufa.

"Nitapanda, mama," Komora akasema, mikono ameinyoosha juu. "Shusha ngazi. Naahidi nitapanda."