Mashine Chini ya Kitanda

Fundi Shekue alitoboa ukuta wa trela la safari pa kutolea hewa, akafunga mashine ya kufyonza vumbi chini ya kitanda. Trela liliegeshwa nyuma ya nyumba ya Kilango, na ndimo alimomweka mama yake, Bi Nyamizi.

“Makombo yake yananitia kinyaa,” Kilango alisema, amejiziba pua. “Hebu iwashe.”

Mashine ikanguruma. Kilango akaushika mpira wa kufyonzea, akaupitisha sakafuni, kisha mapajani mwa mama yake. Khanga ikavutwa, mama akaing’ang’ania, macho chini.

Shekue akaizima mashine. Akaanza kufungua skrubu.

“Unafanya nini?”

“Naing’oa. Tafuta fundi mwingine.”

Mashine ilipotoka, Bi Nyamizi aliinama taratibu, akachungulia nje kupitia tundu la ukutani.