Kidole Kati ya Sumaku na Kioo

Bunduki ililia upande wa Mavivi, na mkono wa fundi Kahongya ukashtuka. Sumaku ikamponyoka, ikarukia kioo cha tangi la samaki.

Akawahi kuweka kidole katikati.

Nyuma ya kioo kulikuwa na maji ya chumvi, matumbawe hai, na samaki wawili waliokuwa wakihema kwa shida tangu pampu ya zamani ilipokufa. Hii mpya ilikuwa na nguvu sana, na ilishikwa na sumaku mbili, moja ndani ya maji, nyingine nje. Kioo kingepasuka, kingine kisingepatikana Beni nzima, na vita vilikuwa vimefunga barabara.

“Imepasuka?” aliuliza mama mwenye nyumba, macho ameyafumba. Mume wake, aliyekwama Dubai, alimwachia samaki hao awatunze.

“Hapana, mama. Imekamata kidole tu.”

“Yesu! Tosha mukono, uvute!”

“Ngoja kwanza. Vidole niko nayo kumi. Kioo iko moja.”

Kahongya alimwomba Mungu kimoyomoyo. Kwa mkono wa pili akatoa mfukoni utepe wa mpira, ule wa kufungia mizigo kwenye chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akausukuma taratibu kando ya kidole. Sumaku ikaukalia mpira. Kidole kikatoka, ukucha mweusi.

“Washa groupe, mama.”

Jenereta ikanguruma uani. Maji yakakimbia toka ukuta hadi ukuta wa tangi, lakini pampu haikusogea mahali pake.

“Aksanti Mungu,” mama alisema, akakaa chini sakafuni.

Samaki wa njano alitoka chini ya jiwe, akasimama mbele ya mkondo, mdomo wazi, kama mtu anayekunywa.