Jalala Mlangoni kwa Konokono

Paliondokea mtaa wa wanyama uliong'aa kwa mbele na kunuka kwa nyuma. Tausi, mwenyekiti mpenda sifa, aliitisha mkutano wa taka saa saba mchana, jua likiwa la utosi, saa ambayo kila mtu anajua Konokono hatoki.

Konokono alijikokota hivyo hivyo, maana alikuwa na neno: kila nyumba itenge maganda yake na chupa zake. Alifika viti vinakunjwa.

"Tumeshapitisha," Tausi akamwambia. "Taka zote za mtaa zitamwagwa mlangoni kwako. Hukuwepo kupinga."

"Mmeniita juani makusudi!"

"Azimio ni azimio, bibi. Limeshapigwa muhuri."

Ngiri, mlafi aliyejaza mapipa kuliko wote, alicheka hadi akashika mbavu.

Mvua ya jioni ilipoanguka Konokono alitambaa mpaka barazani kwa Tausi, akajibandika kizingitini.

Asubuhi Punda, mtiifu wa maandishi, alifika na mkokoteni wa taka. Alisoma azimio, akaitazama nyumba iliyo mgongoni mwa Konokono, akamwaga yote pale pale: nepi, maganda, mifupa yenye funza.

Tausi alitoka mbio, mkia umelowa uozo. "Ondoka mlangoni kwangu!"

"Kwako?" Konokono akafoka. "Nilipo ndipo kwangu, tangu nizaliwe. Na kesho nahamia kwa Ngiri!"

Siku ile ile uliitishwa mkutano mwingine, jioni, penye umande, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo mpaka Konokono alipofika.