Kidole cha Sita

Kando ya meza kuu, Mwenyekiti wa chama cha soka alieleza historia ya Kombe la Majirani kana kwamba amelizaa yeye. Kisha pazia likafunguliwa. Ukutani palikuwa na mchoro mpya wa nahodha aliyebebwa juu juu, kombe lake mkononi, na uso ulikuwa wa Mwenyekiti mwenyewe, mtu ambaye siku ya fainali alikaa jukwaani anatafuna karanga. Wapambe wake wakapiga makofi kama wendawazimu.

Bi Mashavu, mjane wa nahodha, akasogea karibu. Mchoraji alikuwa ameinakili yote picha ya zamani ya siku ile, akabadilisha kichwa tu. Miguu aliiacha vilevile. Enzi zile walicheza peku, na mguu wa kushoto wa marehemu mumewe ulikuwa na vidole sita.

"Hongera, Mwenyekiti. Umetoka vizuri."

"Asante sana, shemeji. Ndiyo historia hiyo!"

"Basi vua kiatu cha kushoto, nasi tuione."

Mtu mmoja akaanza kuhesabu vidole vya ukutani kwa sauti. Alipofika cha sita, macho yote yakashuka kwenye kiatu cheusi kinachong'aa, nacho kikaanza kurudi nyuma, taratibu, chini ya kitambaa cha meza.