Mkono wa Kuazima

Gizani, kabla miwani ya mchezo haijawaka, nilisikia kifuniko cha sufuria kikitikisika jikoni: uji wa mwanangu Raya ulikuwa tayari. Mara uwanja wa tenisi ukafunguka mbele yangu, vumbi jekundu, jua la usoni, na raketi nzito mkononi kama mwiko wa ugali wa harusi.

Siku hizi mchezo haukufundishi. Unakuazimisha mkono wa bingwa. Nilimchagua Zuhura Mbelwa, anayetumia kushoto. Mimi nisiyewahi kushika raketi, nikaupiga mpira ukapita juu ya wavu kama mshale!

"Wifi, taratibu, utavunja kabati!" Saumu, dada wa mume wangu, alicheka. Ndiye aliyeniletea mchezo.

"Niache! Nimezaliwa leo!"

Nilivua miwani jasho likinitiririka, nikapakua uji, nikampelekea mwanangu kijiko cha kwanza. Akafumba mdomo. Kumbe nilikishika kwa kushoto, na ni mimi niliyemfundisha kwamba chakula hutolewa na kupokewa kwa kulia.

Nikakihamisha. Mkono wa kulia ukawa umesahau kazi yake, uji ukamwagika mezani.

"Saumu, si ukizima mchezo mkono wako unarudi?"

"Wangu ulirudi, wifi," alisema. Safari hii hakucheka.

Na, Mungu anisamehe, mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado unacheza kwa furaha chini ya meza.

Raya akaushika mkono wangu wa kulia kwa viganja vyake viwili.

"Mama, nitausubiri huu urudi."