Orodha ya Nakunda

Kihiyo aliitandaza karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa orodha ya vifaa vya seva aliyotaka kuiunda bintiye Nakunda: mashine moja itunze rekodi za kwaya, masomo ya wadogo zake na picha za nyumba nzima. Ubao mkuu, ule wa kuchomekea vifaa vyote, Nakunda aliununua mwenyewe, wiki mbili kabla ya kufa.

Mwajabu, mwenye duka, alijaribu kuchomeka kwenye ubao huo RAM, kadi ya kumbukumbu, iliyoandikwa orodhani. Haikuingia.

"Haviendani, baba. Ubao ni wa zamani, RAM hii ni ya kizazi kipya."

"Bonyeza vizuri."

"Nikibonyeza nitauvunja."

"Mtoto aliyekuwa anawasahihisha nyinyi wenye maduka, ndiye akosee?"

"Mimi alinisahihisha, na kunicheka juu yake. Lakini hapa alikosea, baba."

Kihiyo akapitisha kidole kwenye nafasi ya RAM. "Basi nipe inayoingia."

Mwajabu akamsogezea kalamu ya wino. "Ikate hiyo, uandike hii, fundi wa kuiunda seva asije akachanganya."

Kihiyo akaiweka ncha juu ya mwandiko wa bintiye. Mkono haukusogea. Wino ukaanza kutanuka taratibu kwenye karatasi.